Wakuu Wawili Mazikoni

Baba alifariki katika juma ambalo wilaya yetu ilikuwa na wakuu wawili. Wa kwanza, Orozaly, aliteuliwa na rais. Rais mwenyewe alikuwa amekimbia mji mkuu na kujificha kwao kusini, ila alikuwa hajajiuzulu, kwa hiyo kisheria uteuzi ulikuwa hai. Wa pili, Esenkul, alichaguliwa na watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya wilaya na kunyoosha mikono. Sheria haiutambui uchaguzi wa namna hiyo, lakini ofisi, gari na mhuri vilikuwa kwake. Polisi walikuwa wamevua sare na kurudi makwao, wakisubiri kuona nani atawalipa mishahara.

Mdogo wangu Taalai alikuwa mmoja wao. Alikuwa luteni, na siku ofisi ilipotekwa yeye ndiye aliyekuwa zamu mlangoni. Siku hiyo ilipigwa risasi moja tu. Ilimpata pajani kijana mmoja aitwaye Bektur, mtoto wa dada yake Esenkul. Wilaya nzima ilijua kwamba risasi ilitoka mlangoni. Kilichokuwa hakijaamuliwa ni kwamba ilipigwa kwa amri ya nani, na jibu la swali hilo ndilo lililokuwa liamue kama Taalai atafungwa, atauawa, au atapandishwa cheo.

Ukweli niliupata kwake mwenyewe, jikoni, wakati wanaume wakisimamisha uani hema la sufu la kumlaza baba. Mimi nafundisha siasa katika chuo kikuu cha mji mkuu, na kazi yangu ya miaka mingi ni kuwauliza watu maswali bila kuwaonyesha jibu ninalolitaka. Nikamwuliza vivyo hivyo.

"Nani alikuambia upige?"

"Hakuna."

"Orozaly alikuwa wapi?"

"Keshaondoka. Alishukia chini, kwenye chumba cha tanuri, akaruka ukuta. Mpakia makaa alimwona. Hata mimi hakuniaga."

"Simu?"

"Haikulia, dada. Natamani ingelia."

Watu walikuwa wakipanda ngazi, alisema, naye akashikwa na hofu, akalenga kipandio cha chini ambacho hakikuwa na mtu. Risasi iligonga jiwe, ikaruka, ikamwingia Bektur. Kabla ya hapo baba alikuwa amesimama kati ya umati na mlango. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu; nusu ya umati ule aliufundisha kusoma. Aliwaambia wapande polepole, kwamba mwanawe hatapiga, na kwamba yeye mwenyewe ndiye dhamana. Risasi ilipolia, mkono wake ulikuwa bado umeinuliwa. Akashuka, akatembea hadi nyumbani, akalala akiutazama ukuta. Siku ya pili moyo ukasimama.

Kwetu maiti hulazwa ndani ya hema, upande wa kushoto, nyuma ya pazia. Wanawake huketi ndani wameupa mlango mgongo, nyuso zimeelekea ukutani, wakiimba mbolezi. Wana wa marehemu husimama nje, wamejifunga mishipi na kuegemea fimbo, na kila kikundi cha wageni kinapofika humlilia baba yao kwa sauti, na kila mgeni huwakumbatia. Mwana asiyesimama nje ya hema la baba yake, watu husema ana la kuficha, na wataendelea kusema hata kwa wajukuu wake. Kwa hiyo mtu ambaye wilaya nzima ilikuwa ikimtafuta alisimama tangu asubuhi mahali palipo wazi kuliko pote kijijini. Baba hakuwa na mwana mwingine. Kando ya Taalai alisimama baba mdogo Jumabek, ambaye amekuwa mwanachama wa kila chama kilichowahi kututawala, tangu enzi za Muungano wa zamani wa Kikomunisti.

Kila gari lilipozima injini, mkono wa Venera, mke wa Taalai, uliminya goti langu.

"Hao ni nani?" alinong'ona.

"Watu wa mto wa juu. Kaza moyo, wifi."

Venera aliimba mbolezi vizuri. Mimi nilikuwa mbovu. Mbolezi hutungwa papo kwa papo, kwa mistari mifupi yenye vina, na binti mkubwa ndiye anayetazamiwa kuongoza. Nikaimba kwamba baba alizaliwa mwaka fulani, akasomea mji fulani, akafundisha shule fulani. Bibi Batma, aliyeketi karibu na pazia kwa haki ya umri, alinigusa kwa kiwiko.

"Mwanangu, hiyo ni mbolezi au taarifa ya habari?"

"Mwacheni," akasema mwingine. "Ndivyo wanavyolia mji mkuu. Kwa nukta na mkato."

"Amesoma mpaka machozi yamekauka, maskini."

Wakacheka ndani ya mikono ya nguo zao, kisha wakapandisha sauti tena, maana nje gari jingine lilikuwa limefika.

Nililitambua kwa mlio wake. Lilikuwa gari la ofisi ya wilaya. Milango ilifunguka mingi kwa pamoja, kisha zikaja sauti za wanaume wakilia tangu getini, "Baba yangu wee! Mlima wangu wee!" na ya Esenkul ilikuwa juu ya zote. Zikakaribia. Taalai akaitikia kwa kilio chake. Halafu kilio cha Esenkul kikazimika kama kilichobanwa na nguo, nikajua amemkumbatia. Kikadumu hivyo muda mrefu kuliko desturi. Venera aliacha kuimba.

"Anamfanya nini?"

"Anamkumbatia."

"Mbona kimya?"

"Wifi, imba."

Kilio kikarudi, na hatua zikapita. Lakini kabla wanawake hawajashusha pumzi, uani pote paliingia ukimya ambao sijausikia tena katika mazishi yoyote. Mtu mmoja tu alikuwa akija kwa miguu, akilia peke yake. Ilikuwa sauti ya Orozaly.

Kuja kwake hakukuwa ushujaa. Baba alimfundisha, na mtu asiyekwenda kumlilia mwalimu wake hana pa kuzikiwa yeye mwenyewe. Alikuja na dereva tu. Mazishini mtu hamgusi mtu. Hilo halijawahi kuvunjwa kwetu, hata miaka ya vita. Lakini usalama wa mazishi huishia getini, na kutoka getini hadi mjini kuna barabara moja na daraja moja.

Naye akamkumbatia Taalai, akaenda kukaa upande wa pili wa uwanja. Tangu hapo, walioleta chai walisema, wageni walikaa makundi mawili, na vijana wa Esenkul hawakukaa.

Adhuhuri ilipokaribia, watu watatu walisogea nyuma ya hema, upande ule ule niliokuwa nimeuelekea. Walifanya kosa ambalo wanaume wa kwetu tu ndio wangelifanya. Hawajawahi kuketi ndani wakati wa msiba, na kwao hema ni nyumba, na nyumba ina kuta. Sufu si ukuta. Mimi na Venera tulikuwa shibiri moja kutoka midomoni mwao.

"Baada ya sala mimi nitadai," sauti ya Esenkul ilisema. "Mwalimu alitupa neno lake, na neno likavunjika. Nina haki."

"Unayo, nani amekunyima?" Huyo alikuwa baba mdogo. "Na mimi nitajibu kwa niaba ya ukoo. Nitasema kijana aliamriwa."

"Na yeye je?"

"Hatasema kitu. Atatikisa kichwa tu kukubali."

"Hakuniamuru," alisema Taalai.

"Yarabi, huyu mtoto! Alikupigia simu."

"Hakunipigia, baba mdogo."

"Nani anajua? Simu yake ninayo mimi," alisema Esenkul. "Aliiacha mezani alivyokuwa anakimbia. Sikiliza, Taalai. Mimi si mtu mbaya. Dada yangu analala sakafuni hospitali kando ya kitanda cha mwanawe, na kila nikienda ananiuliza, umemfanya nini aliyempiga? Nimjibu nini? Ukiamriwa, wewe ni askari. Askari hana kosa. Juma lijalo nitahitaji mkuu wa polisi anayejulikana na watu. Usipoamriwa, wewe ni mtu aliyempiga mpwa wangu risasi. Chagua."

"Na Orozaly?"

Esenkul akasema, "Orozaly ana barabara yake ya kurudia. Vijana wako darajani."

"Mtamwua."

"Mimi? Mimi nitakuwa hapa, nakula nyama ya msiba wa baba yako."

Hatua zikaondoka. Venera alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na kucha zake zilikuwa zimeingia.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini sana, uso ukutani, kama mtu anayeomba dua. "Hukusikia kitu."

"Nimesikia, na wewe umesikia."

"Yule ni mwizi. Makaa ya shule aliyala nani? Mabomba ya maji ya mashamba yako wapi? Nani alimwambia awe mkuu wa wilaya? Nina watoto wawili."

"Mwizi, ndiyo. Lakini hakuamuru."

"Alikimbia akamwacha mume wangu mlangoni! Hiyo si amri?"

Lilikuwa swali zuri. Katika tafiti zetu, watu wa wilaya hii karibu wote hukubali kwamba sheria iwe moja kwa wote. Na karibu wote hao hao hukubali kwamba ndugu akipata kesi, asaidiwe kwanza. Wenzangu wa nchi za nje huona hapo mgongano. Mimi sikuwahi kuuona. Ni majibu ya maswali mawili, na shida huja tu yanapoulizwa siku moja.

Nikasema nakwenda kunywa maji. Bibi Batma aliguna, lakini hakunizuia.

Orozaly alikuwa amesimama karibu na majiko ya chai, amekosa mtu wa kuzungumza naye. Wote waliokuwa karibu naye walikuwa wamepata shughuli ghafla. Ilikuwa Aprili, miaprikoti ilikuwa imechanua maua, na uwanja wote ulikuwa tope.

"Pole, binti wa Mwalimu."

"Asante, kaka. Ondoka sasa. Pita nyuma, kwenye bustani, ufuate mfereji. Usipite darajani."

Alikuwa hajanyoa.

"Nikiondoka kabla ya sala watasema nimekimbia. Nilishakimbia mara moja juma hili."

"Watasema kwamba wewe ndiye uliyeamuru."

"Mimi? Nilikuwa juu ya ukuta wa makaa, suruali imechanika!" Alikaribia kucheka. Kisha akanisogelea. "Sikiliza, kuna njia nyepesi. Semeni risasi ilitoka katika umati. Mahakama za mji mkuu bado zina watu wetu. Siku mbili tatu rais anarudi, na kijana wenu hata hatahojiwa. Nani atathibitisha?"

"Bastola ni ya Taalai."

"Bastola hupotea."

Nilimwacha hapo. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa, na mtu wa kuokolewa alikuwa akinunua kwa bei ile ile ya mwenzake.

Taalai alikuwa peke yake kwa dakika hiyo, ameegemea fimbo, kofia nyeupe imeshuka machoni. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia.

"Nimesikia yaliyosemwa nyuma ya hema," nikamwambia.

Hakushtuka. "Venera pia?"

"Pia."

"Anataka nitikise kichwa."

"Na wewe?"

"Wewe ungefanya nini, dada? Wewe si ndiye unayejua watu wanafikiri nini?"

"Najua wanachosema wakiulizwa. Hebu nijibu. Utatikisa?"

Alifungua mdomo. Getini wakaingia wageni wa ukoo wa mama, wanaume saba au wanane wamekumbatiana mabega, wakilia, na yeye akageuka nao akainua uso na kupiga kilio, "Baba yangu wee," kama desturi inavyotaka. Wakamzunguka. Nilisubiri, lakini imamu alikuwa tayari amesimama mlangoni mwa hema anawaita wabebaji, na mimi nikalazimika kurudi ndani.

Maiti ikatolewa. Huo ndio wakati ambao wanawake hulia kwa nguvu zote, na huruhusiwa kufika mpaka kizingitini, si zaidi. Nilisimama hapo, Venera nyuma yangu. Wakaliweka jeneza juu ya zulia uwanjani. Wanaume wakapanga safu, sala ikasaliwa, na baada yake baba mdogo Jumabek akasimama kichwani pa maiti.

"Jamaa! Mambetaly alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mwema!" wakajibu wote. Pande zote mbili.

"Kama yuko aliyemdai, adai sasa. Deni ni letu. Kama yuko aliyedaiwa naye, tumesamehe."

Kwa kawaida hapo watu husema hapana, na jeneza huinuliwa. Esenkul akatoka kwenye safu.

"Mimi namdai."

Hakuna aliyesogea.

"Sidai mali," alisema. "Nadai neno. Mwalimu alisimama kwenye ngazi akatuambia mwanawe hatapiga. Tukamwamini. Nilimwamini mimi, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu. Mpwa wangu amelala hospitali. Naomba neno la Mwalimu lilipwe kabla hajaingia ardhini."

Alisema vizuri, na sehemu kubwa ya alichosema ilikuwa kweli. Baba mdogo alikohoa.

"Dai ni la haki. Tunalipokea. Lakini jamaa, neno la ndugu yangu halikuvunjwa na mwanawe. Lilivunjwa na aliyemwamuru mwanawe kwa simu. Askari huamriwa. Na huyo aliyeamuru, kwa uso mkavu, amekuja kusali hapa."

Vichwa vikageuka. Orozaly alikuwa katika safu ya pili. Dereva wake, aliyekuwa kando yake, alisogea hatua moja pembeni. Vijana watatu waliokuwa wamesimama kwenye ukuta walielekea getini bila haraka, na mmoja wao alikuwa anaongea kwenye simu.

"Taalai," baba mdogo akasema. "Waambie watu. Si kweli?"

Nilimwona kwa mgongo tu. Alikuwa ameishika fimbo kwa mikono yote miwili. Hakutikisa kichwa, hakukataa. Alikaa hivyo. Nasema alikaa, kwa sababu sina neno la usahihi zaidi. Inaweza kuwa pumzi mbili, inaweza kuwa zaidi.

Nikaanza mbolezi.

Binti anayemlilia baba yake maiti ikiwa uwanjani hanyamazishwi na mtu. Imamu mwenyewe husubiri. Nilijua hilo, na nilitegemea hilo.

*Baba uliyesimama*
*Ngazini ukazuia,*
*Hukujua, baba mwema,*
*Mwanao atafyatua.*

"Mnyamazisheni huyo," alisema baba mdogo.

"Amnyamazishe nani?" Bibi Batma alipaza sauti kutoka ndani. "Mtoto anamlilia baba yake! Jumabek, wewe ulilelewa wapi?"

*Hakutumwa na mkubwa,*
*Mkubwa keshakimbia;*
*Ukuta wa nyuma, baba,*
*Ndiko alikopitia.*

*Hofu tu ilimshika,*
*Akalenga kwenye ngazi;*
*Jiwe likairudisha*
*Ikampata mzazi...*

Hapo nilikosea, kina kilinivuta. Bektur hakuwa mzazi wa mtu. Nikaacha vina. Nikasema tu, kwa sauti ile ile ya kulia, kwamba ilimwingia Bektur mwana wa Saliya, kwamba simu haikulia, kwamba neno ni lako baba na deni ni letu, na kwamba tusikuzike na uongo kifuani. Kisha pumzi ikaniishia.

Mtu mmoja kwenye safu ya nyuma alicheka kidogo, nadhani kwa habari ya ukuta wa nyuma, akajizuia. Uso wa Orozaly ulikuwa mwekundu. Hakuna mtu aliyeokolewa siku hiyo kwa kuaibishwa zaidi yake.

Esenkul alikuwa akinitazama mimi wakati wote. Sasa akamgeukia Taalai.

"Dada yako anasema kweli?"

"Kweli," alisema Taalai.

"Hakuna aliyekuamuru."

"Hakuna."

"Basi ni yeye!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka ukutani. "Tunangoja nini?"

"Maiti iko chini!" alisema imamu. Alikuwa mtu mfupi, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Hakuna damu, hakuna siasa, hakuna neno mpaka azikwe. Inueni."

Taalai aliweka fimbo chini, akashika mguu wa mbele wa jeneza. Upande wa pili, kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu zaidi, alishika Esenkul. Wakatoka getini hivyo.

Wanawake kwetu hawaendi makaburini. Tulibaki uwanjani na majungu ya nyama ya farasi. Venera alikuja mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na nisingejikinga.

"Leo umezika wawili," alisema, akaenda kukata mikate.

Aliikata yote. Alipomaliza aliipanga, akaipangua, akaipanga tena. Bibi Batma aliniletea chai, akakaa kando yangu. Makaburi yako juu ya kilima, na kutoka uwanjani unaona watu tu kama nafaka nyeusi, hujui nani ni nani. Niliwatazama wakichanganyika na kutengana. Gari moja lilishuka mbele ya mengine, kwa kasi, likaelekea darajani. Lilikuwa la Orozaly. Halafu halikuonekana tena nyuma ya miti, na tukangoja sauti. Sauti haikuja.

Wanaume waliporudi kunawa mikono, Taalai hakuwamo. Baba mdogo hakutaka kunitazama. Imamu ndiye aliyetueleza. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Taalai alimwendea Esenkul mbele ya watu wote akamwambia: nipeleke kwanza hospitali kwa dada yako, halafu popote unapotaka. Vijana walitaka kumchukua wao. Esenkul alisimama akafikiri, imamu alisema, kama mtu anayepiga hesabu, kisha akamfungulia mlango wa gari la ofisi, akakaa naye kiti cha nyuma. Kuhusu Orozaly, wale wa darajani walikuwa wamekwisha kupigiwa simu wasimuue. Waliupiga mlango wa gari lake mateke, wakamwacha apite.

"Kwa hiyo Taalai yu hai," alisema Venera.

"Alipoondoka alikuwa hai," alisema imamu, ambaye naye alikuwa mtu wa kupima maneno.

Alikuwa hai. Saliya, mama yake Bektur, alimtemea mate usoni, kisha akamwacha aketi kando ya kitanda mpaka walipokuja kumchukua. Mahakama ilimfunga miaka mitano, na hakimu aliandika kwamba kukiri kwake mbele ya maiti kumepunguza adhabu. Esenkul alidumu ofisini mpaka serikali mpya ilipopata mtu wake. Orozaly ni mshauri wa serikali hiyo mpya. Kwenye arobaini ya baba alituletea farasi wa kuchinja. Venera alimpokea, kwa sababu watoto wanakula. Na mimi Venera hanisemeshi, ila kwa jambo la lazima.

Nilimtembelea Taalai mwaka wa pili wa kifungo. Gereza liko uwandani, na basi huchukua nusu siku. Walituweka kwenye chumba chenye meza ndefu, askari dirishani. Alikuwa amekonda, lakini sauti yake ilikuwa imerudi. Tuliongea habari za watoto, halafu za Bektur, ambaye anatembea akichechemea na amemwandikia mara mbili. Kisha akauliza:

"Ile siku, ulipoanza kulia, uliuona uso wangu?"

"Hapana. Nilikuona mgongo."

"Na kwa nini ulianza?"

"Ulikuwa umenyamaza."

"Nilikuwa nameza mate, dada. Koo lilikuwa limekauka tangu asubuhi. Nilikuwa nakwenda kusema hapana."

Nilimtazama. Kazi yangu imenifundisha kwamba watu wakikumbuka walichokusudia kufanya, hujikumbuka wakiwa bora kuliko walivyokuwa. Imenifundisha pia kwamba wakati mwingine hukumbuka sawasawa. Hakuna swali ninalolijua la kutenganisha haya mawili.

"Inawezekana," nikasema.

"Inawezekana," alirudia. "Hapa kila mtu ananiambia, dada yako alikufunga. Nikiwaambia ningesema mwenyewe, wanacheka. Venera haamini. Na mimi, siku zikizidi kwenda, sina hakika tena." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa ya mahali anapoishi. "Ungengoja kidogo tu."

"Kama ungetikisa kichwa, yule mtu angekufa darajani."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza kama uliuona uso wangu."

Askari akagonga kioo. Taalai akavuta kwake mfuko wa mikate niliyomletea, akakata kipande, akanipa mimi kwanza, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa wake, na tukala mpaka muda ukaisha.